Kinywa cha Usharika: Uhakiki wa Lugha ya Ibada ya Pamoja katika Mbeya na Iringa

Wale waliochunguza Ukristo wa Nyanda za Juu za Kusini wametazama zaidi kazi ya wamisionari, shule zao, na mapatano au magomvi yao na serikali. Nao waliochunguza Kiswahili cha dini wametazama zaidi tafsiri za Biblia: ni nani aliyetafsiri, alifuata lahaja gani, na alipenda maneno ya asili gani. Kati ya njia hizi mbili limesahauliwa jambo moja lililo kubwa kwa mtaalamu wa lugha. Yako maneno ambayo Mkristo wa Mbeya au wa Iringa hayasomi peke yake wala hahubiriwi na mwingine, bali huyatamka mwenyewe pamoja na wenzake, kwa sauti, Jumapili baada ya Jumapili, tangu utoto hata uzee. Ni mashairi machache mno ya Kiswahili yaliyokaririwa na watu wengi kiasi hicho. Ni haki basi maneno hayo yahakikiwe kama fasihi nyingine ihakikiwavyo, yapimwe uzuri na upungufu wake, na iulizwe kama yanaitenda kazi yake.

Kazi yenyewe imo katika jina. Walutheri na Wamoravian wa sehemu hizo huuita mkusanyiko wa waumini wa mahali pamoja "usharika". Neno hili ni ndugu wa shiriki, shirika na ushirika, na shina lake la Kiarabu lina maana ya kuwa na fungu katika kitu kimoja na mwenzako. Mkulima wa kahawa au wa chai amelijua neno "ushirika" kwa chama cha kuuzia mazao, ambamo kila mwanachama ana hisa yake. Katika usharika nako yapasa kila mtu awe na hisa, na wakati wa ibada hisa hiyo ni sauti yake. Kipimo kitakachotumika hapa ni hicho tu: lugha ya ibada ya pamoja humpa fungu gani mtu aliyeketi kwenye benchi la mwisho, hasa mzee asiyejua kusoma, ambaye Kiswahili si lugha aliyonyonya kwa mama yake? Usafi wa sarufi ni jambo jema, na uzuri wa maneno ni jambo jema. Walakini lugha ya ibada inayomwacha mtu huyo bubu imeshindwa, hata ikiwa safi na nzuri namna gani.

Jinsi Kiswahili kilivyoingia

Kiswahili hakikuwa lugha ya kwanza ya ibada katika nchi hiyo. Mwaka 1891 Wamoravian walianza kazi Rungwe, na mwaka huo huo wamisionari wa Chama cha Berlin wakaanza mashariki yao, karibu na ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Kutoka huko watu wa Berlin wakapanda mpaka Ukinga, Ubena na Uhehe. Vyama vyote viwili vilishika kanuni kwamba Injili sharti imfikie mtu kwa lugha ya mama. Agano Jipya la Kinyakyusa lilichapishwa mwaka 1908, na Traugott Bachmann, aliyeanzisha kituo cha Mbozi mwaka 1899, alilitafsiri Agano Jipya kwa Kinyiha. Wakatoliki walikuwa na njia nyingine. Huko Tosamaganga, karibu na mji wa Iringa, Wabenediktini, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza mapadre wa Consolata, waliadhimisha Misa kwa Kilatini kama Wakatoliki wa dunia nzima, na lugha nyingine zikapata nafasi katika mafundisho, katika sala za nyumbani na katika nyimbo.

Mambo matatu yalikileta Kiswahili mbele. La kwanza ni shule. Wadachi walikitumia Kiswahili katika utawala, Waingereza wakakitumia katika shule za msingi, na mtoto aliyejifunza kusoma alijifunza kwa Kiswahili. La pili ni miji. Mbeya ilikua upesi kwa ajili ya dhahabu ya Lupa, na Iringa kwa utawala na barabara. Mnyakyusa, Msafwa, Mkinga, Mbena na Mhehe wakajikuta wameketi benchi moja. La tatu ni umoja wa makanisa yenyewe. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika, la Nyanda za Juu za Kusini likiwamo, yaliungana kuwa Kanisa moja, na Kanisa lililoanzia Kilimanjaro hata Njombe lisingeweza kuwa na kitabu kimoja ila kwa Kiswahili. Mwezi Desemba mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungua mlango wa lugha za watu katika Liturujia, na katika Tanzania lugha iliyochukua mahali pa Kilatini ikawa hasa Kiswahili.

Vitabu vilikuwa tayari. Karl Roehl alikuwa ametoa Biblia yake mwaka 1937, akikusudia kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu kwa kuamini kwamba Kiswahili chenye Ubantu zaidi kitamfaa mtu wa bara. Baadaye, mwaka 1952, ikatoka Biblia ya Umoja, ambayo haikuwa na woga huo. Wahakiki wameijadili sana tofauti ya tafsiri hizi mbili, lakini katika ibada ya Nyanda za Juu tofauti hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mtu wa pwani alizijua neema, toba, sadaka na ibada kwanza katika Uislamu, na kwake maneno hayo yana harufu ya msikitini. Mkulima wa Ubena aliyakuta kanisani, na maana yake kwake ni ile aliyoiona yakitenda pale: toba ni maneno yanayosemwa mwanzo wa ibada, sadaka ni kile kinachowekwa kapuni. Neno geni likipata kazi ya kila Jumapili halikawii kuwa neno la nyumbani. Hofu ya Roehl juu ya asili ya maneno haikuwa na msingi mkubwa huko. Shida ya kweli ilikuwa mahali pengine, katika namna maneno yalivyogawanywa kati ya vinywa.

Jina la anayeombwa

Kabla ya kufika hapo, yafaa lielezwe jambo moja ambalo Kiswahili kilileta faida na hasara kwa pamoja. Wanyakyusa humwita Mungu Kyala, na Bwana wa Injili humwita Ntwa. Monica Wilson, aliyefanya uchunguzi Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey kati ya mwaka 1934 na 1938, aeleza kwamba Kyala lilikuwa jina la mmoja wa mashujaa wa kale waliotambikiwa, kabla halijachukuliwa kuwa jina la Muumba wa wote. Nalo neno ntwa lilikuwa la mfalme wa nchi, ambaye afya yake na mvua ya watu wake vilihesabiwa kuwa kitu kimoja. Wahehe na Wabena wao humwita Mungu Nguluvi.

Aliyeomba kwa majina hayo alisimama juu ya ardhi ya kwao, na kila jina lilikuwa na historia nyuma yake. Kiswahili kilimpa jina Mungu, ambalo halikuwa la kabila moja kati ya hayo, na kwa hiyo hakuna aliyejiona mgeni kuliko mwenzake alipolitamka. Katika usharika wa mjini hiyo ni faida kubwa, maana hapana aliyelazimishwa kuomba kwa jina la shujaa wa jirani yake. Hasara ipo katika neno Bwana. Ntwa aliogopwa, lakini alikuwa wa watu wake, akifa nao na kupona nao. Bwana, katika Kiswahili alichokisikia mtu wa bara zamani za ukoloni, alikuwa bwana shauri na bwana mkubwa, mtu wa ofisini ambaye hashiriki hasara ya mtu yeyote. Waumini wamelijaza neno hilo maana mpya kwa muda mrefu, hata leo halina tena sura ya ofisi. Walakini mhakiki hana budi kukumbuka kwamba kazi hiyo ilifanywa na vinywa vya watu wenyewe, haikufanywa na mtafsiri.

Toba

Mahali pa kwanza ambapo usharika husema kwa pamoja ni katika toba. Hapa maneno ni mamoja kwa wote, yameandikwa, na huanza na kwisha kwa wakati mmoja. Ina nguvu zake toba ya namna hii. Humlinda mwenye haya asifunuliwe, humzuia mwenye kiburi asijifanye mtakatifu kuliko wengine, na hufundisha kwamba kosa ni la wote. Lakini ina jambo la ajabu pia. Watu mia tatu husema kwa mdomo mmoja kwamba wamekosa, na hakuna hata mmoja anayejua mwenzake amekosa nini. Wote husema na hakuna anayesikiliza.

Yafaa toba hiyo ilinganishwe na desturi aliyoikuta Bibi Wilson, na kuieleza katika Rituals of Kinship among the Nyakyusa (1957) na Communal Rituals of the Nyakyusa (1959). Katika matambiko ya Wanyakyusa, yaani yale ya ukoo na yale ya nchi nzima yaliyofanywa Lubaga, hapakuwa na ombi lililokubaliwa kabla ya hasira kusemwa. Ndugu aliyemkasirikia ndugu yake sharti aitoe hasira yake nje kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya watu waliokuwa wakisikiliza. Hasira iliyofichwa moyoni ndiyo iliyodhaniwa kuleta ugonjwa na kuharibu tambiko. Alama ya kusamehe ilikuwa kupuliza maji au pombe kutoka kinywani, kana kwamba lile lililokuwa ndani limetoka. Hapana aliyeweza kusema kwa niaba ya mwingine.

Si kusudi la ulinganisho huu kusema kwamba Ukristo ulipaswa kuyafuata matambiko. Makanisa yalikuwa na sababu zao za kuyakataa, na Wakristo wa kwanza wa Rungwe walizijua sababu hizo kuliko mhakiki yeyote. Linaloonekana ni hili: watu waliokwisha kujua kwamba kukiri ni kusema neno lako mwenyewe, ukasikiwa na yule uliyemkosea, walipewa kukiri kwa namna nyingine, kwa neno la wote, mbele za Mungu peke yake. Kipo kilichoongezeka, na kipo kilichopotea. Jambo la kuangalia ni kwamba hata Liturujia yenyewe imekiri upungufu huo. Katika Misa ya zamani ya Kilatini padre na watumishi wake ndio walioungamiana, huyu akianza na hawa wakifuata. Kitabu cha Misa cha mwaka 1970 kiliwapa waumini wote maneno ya kuungama kwa Mungu na kwa wenzao walio pale. Ungamo hilo, ijapokuwa husemwa na wote, limebaki katika nafsi ya kwanza umoja: kila mtu ni mimi. Sala ya Bwana inayokuja baadaye iko katika wingi: Baba ni wa sisi sote. Mfuatano huu wa mimi na sisi ni mzuri sana, na Kiswahili, ambacho huiweka nafsi mwanzoni mwa kitenzi, huudhihirisha wazi kuliko lugha nyingi za Ulaya. Anayeungama husikia ni- akiwa na kosa lake, kisha husikia tu- akiwa na haja yake. Aliye makini hufundishwa na sarufi peke yake kwamba kosa ni lake na mkate ni wa wote.

Wimbo

Katika wimbo wa kitabuni upungufu ni wa namna nyingine, nao ni wa lugha hasa. Nyimbo nyingi za makanisa ya Kiprotestanti katika Mbeya na Iringa, zile za vitabu vya Kilutheri na Kimoravian pamoja na zile za Tenzi za Rohoni, zilitafsiriwa kutoka Kijerumani, Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya, nazo huimbwa kwa sauti zile zile zilizotungwa huko. Sauti nyingi za namna hiyo huanza kwa pigo jepesi na kumalizia mstari kwa pigo zito, kwa kuwa lugha hizo zina maneno mengi yanayokwisha kwa mkazo. Kiswahili hakina maneno ya namna hiyo, isipokuwa machache sana. Mkazo wake hukaa silabi ya pili kutoka mwisho: Bwana, neema, Mwokozi, milele. Yaonekana basi kwamba mtafsiri aliwekwa katika shida mbili. Mwanzo wa mstari alihitaji silabi nyepesi, akaziba pengo kwa na, kwa e, au kwa neno lingine lisilo na kazi. Mwisho wa mstari hakuwa na la kufanya. Pigo zito na refu likaangukia silabi dhaifu, na usharika ukaburuta mwisho wa neno Mwokozi kana kwamba mkazo ulikuwa hapo.

Huenda ikasemwa kwamba hoja hiyo ni ya mtu asiyejua mashairi ya pwani. Utenzi wa Kiswahili huhesabu mizani, haupimi mkazo; mstari ukitimia mizani nane na vina vikikaa mahali pake, mwimbaji huweza kuivuta silabi yoyote apendayo. Pingamizi hilo ni la haki, na lina jibu. Katika utenzi sauti hulifuata neno: mwimbaji ni mmoja, naye hurefusha na kufupisha kwa hiari yake ili maana isikike. Katika wimbo wa kitabuni sauti imekwisha kufungwa kwa mapigo sawasawa, na watu mia tatu hawawezi kulegeza pamoja. Kwa hiyo jina la Tenzi za Rohoni lisimdanganye msomaji. Ndani ya kitabu hicho kilichopendwa sana mna nyimbo za mizani ya Ulaya, na aliyezoea tenzi za pwani hatazikuta humo.

Lugha za kwao hazikuponea hapo. Kinyakyusa, tofauti na jirani zake wengi, hakina toni za kutofautisha maneno, na mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama wa Kiswahili. Kwa hiyo wimbo wa Kijerumani uliingia Kinyakyusa kwa taabu ile ile. Kihehe na Kibena zina toni, na taabu yao ni kubwa zaidi, kwa maana sauti ya wimbo ikipanda pale ambapo neno lashuka, neno hupoteza sura yake masikioni. Aliyezaliwa katika lugha hizo husaidiwa na mazoea kuielewa maana, lakini haisikii.

Na bado nyimbo hizo zimeshika. Hapana budi mhakiki aseme hivyo waziwazi, maana uhakiki unaokana yaliyo dhahiri hauna faida. Wazee wa Kidugala na Lupembe, wa Rungwe na Utengule, wamezikwa kwa nyimbo hizo; na neno lililoimbwa kaburini halipimwi tena kwa mkazo wa silabi. Zimeshika kwa kuwa zilirudiwa mpaka kitabu kikawa hakina haja. Hilo latupeleka karibu na jambo lenyewe: kinachomwingiza mtu wa benchi la mwisho katika ibada ni kile anachoweza kukichukua kichwani mwake.

Itikio

Katika nyimbo za kazi na za ngoma za nchi hiyo yuko mwanzilishi na wako waitikiaji. Mwanzilishi hutunga na kubadili. Waitikiaji hurudi daima na neno lao fupi lile lile. Mgeni aliyefika leo huweza kuitikia kabla jua halijachwa. Mpango huu ndio ambao watu wawili walioandika karibu wakati mmoja waliutetea kwa ajili ya ibada, kila mmoja kwa njia yake. Henry Weman, mwanamuziki wa Sweden, aliandika African Music and the Church in Africa (1960) baada ya kusafiri katika makanisa ya Afrika. Na Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika akatoa Church Law and Bantu Music (1963), akipima jinsi muziki wa Kibantu unavyoweza kuingia katika ibada pasipo kuvunja sheria ya Kanisa lake. Huko Makumira, karibu na Arusha, walikosomea wachungaji wa Kilutheri wa nchi nzima, Howard Olson alikusanya sauti za makabila kutoka kwa wanafunzi wake na kuzitia maneno ya Kiswahili. Mkusanyo ulioitwa Tumshangilie Mungu ukatoka kwa kazi hiyo. Mtu aweza kulalamika kwamba sauti iliyotungwa kwa lugha yenye toni haikai vizuri zaidi juu ya Kiswahili kuliko sauti ya Kijerumani. Ni kweli, lakini lililookolewa ni kubwa kuliko lililoharibika: umbo la mwito na itikio lilibaki, na kwa umbo hilo asiyesoma alirudishiwa hisa yake.

Umbo hilo hilo limo ndani ya Liturujia tangu kale. Limo katika salamu ya kiongozi na jibu la watu. Limo katika litania. Na limo katika sala ya waumini, ambayo Mtaguso wa Vatikano uliirudisha katika Misa baada ya kukosekana kwa karne nyingi. Katika jumuiya ndogo ndogo za Kikatoliki, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya nguzo ya kazi yao katika miaka ya 1970, umbo hilo limeonyesha uwezo wake wote. Majirani hukutana nyumbani kwa mmoja wao. Mtu husema nia yake kwa maneno yake mwenyewe: mtoto aliye hospitali, mvua iliyochelewa, ndugu asiyeandika barua. Wengine husikiliza, kisha huitikia pamoja. Hapa mmoja husema, wote husikia, na wote hujibu. Mtu aliyeijua desturi ya zamani ya kutoa neno la moyoni mbele ya wenzake hakuti jambo geni.

Kwaya na sauti za wengi

Kwa kipimo hicho yaweza kuangaliwa mambo mawili yaliyokua sana katika miji na vijiji vya Mbeya na Iringa. La kwanza ni kwaya. Usharika mmoja huweza kuwa na kwaya kuu, kwaya ya vijana, kwaya ya akina mama na nyingine tena, na kila moja husimama kwa zamu yake, ikawaelekea watu, ikaimba, ikaketi. Gregory Barz, katika kitabu chake Performing Religion (2003) juu ya kwaya za Tanzania, alionyesha kwamba kwaya ni zaidi ya waimbaji: ni jumuiya yenye viongozi na fedha zake, inayowatembelea wagonjwa wake na kuwazika wafu wake. Asiyelijua hilo ataihukumu kwaya isivyo haki. Tena mashairi ya kwaya ndiyo Kiswahili kilicho hai kuliko chote kinachosikika katika ibada. Humo hutajwa njaa, magonjwa, ulevi na mambo ya mwaka huo, kwa maneno ya watu wa leo. Hata hivyo hapana budi iulizwe ni nani aliyelipa gharama ya wingi huo. Kila wimbo wa kwaya huchukua nafasi ya wimbo ambao usharika ungeuimba. Vipaza sauti na vinanda vya umeme vilipoingia, hata yule aliyetaka kuitikia kutoka benchi lake hakusikika tena, hata na jirani yake. Katika kwaya wachache husema, wote husikia, na hakuna anayejibu ila kwa makofi na vigelegele.

La pili ni maombi ya Wapentekoste na ya makundi ya uamsho yaliyomo ndani ya makanisa ya zamani. Martin Lindhardt, aliyewachunguza Wapentekoste wa Iringa, ameonyesha jinsi uamsho ulivyogeuza maisha ya kidini ya mji huo. Kiongozi akitoa ishara, watu wote huomba kwa sauti mara moja, kila mtu kwa maneno yake. Hapa mzee asiyesoma hana kizuizi chochote, na lugha ya mama hupata mahali pake pasipo kuomba ruhusa, maana katikati ya kishindo hicho hakuna anayeuliza jirani ameomba kwa lugha gani. Ni faida kubwa, na makanisa yenye vitabu hayakuweza kuitoa. Lakini kwa upande mmoja ibada hiyo imerudi pale pale ilipokuwa toba ya kitabuni: wote husema, hakuna anayesikiliza. Tofauti ni kwamba katika toba maneno ni mamoja na mioyo haijulikani. Katika maombi haya hata maneno hayajulikani.

Ukiziweka namna hizi pamoja, zaonekana nne. Wote husema neno moja. Wote husema kila mtu lake. Wachache husema na wengine husikiliza. Mmoja husema, na wote husikia na kujibu. Ibada ya Kikristo imezihitaji zote, na kanisa litakaloshika moja tu litakuwa maskini. Walakini ni ile ya nne pekee inayotimiza maana ya usharika kwa ukamilifu, kwa sababu humo fungu la mtu mmoja hupokewa na wengine. Nayo ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na desturi za kusema na kuimba za watu wa nchi hiyo kabla ya kitabu kufika. Ni jambo la kusikitisha kwamba ndiyo inayozidi kupungua katika ibada za Jumapili, ikikimbilia nyumbani katika jumuiya, huku muda wake ukigawanywa kati ya kwaya na matangazo.

Hitimisho

Hukumu juu ya Kiswahili cha ibada katika Mbeya na Iringa haiwezi kuwa moja. Kama lugha ya kukutania, kimefanya kazi ambayo hakuna lugha nyingine ingeifanya: kimewaketisha pamoja watu wa lugha kumi na zaidi, kikawapa jina moja la Mungu na sala moja ya kumwita Baba. Kama lugha ya wimbo wa kitabuni, kimevaa nguo iliyoshonwa kwa mwili wa mtu mwingine, na uzuri wake umetokana na uvumilivu wa wavaaji. Kama lugha ya itikio kimeonyesha ustadi wake hasa, kwa kuwa itikio ni fupi, lakaririka, na halimwonei asiyesoma.

Watengenezao vitabu vya ibada wana la kujifunza hapo. Kabla ya kuuliza kama sentensi ni safi, wangeuliza kama yaweza kusemwa kwa pumzi moja na mtu asiyeiona ikiwa imeandikwa. Viongozi wa kwaya, ambao wana vipawa vingi kuliko wote, wangeweza kutunga nyimbo ambamo sehemu ya itikio imeachiwa benchi la mwisho, na kwaya ikawa mwanzilishi badala ya kuwa kinywa chote. Na wachunguzi wa lugha wana kazi iliyo dhahiri. Tafsiri za Maandiko katika Kisafwa, Kimalila, Kindali, Kisangu na lugha nyingine za sehemu hizo zimekuwa zikitayarishwa katika karne hii, na vitabu hivyo vitahifadhiwa. Sala ambazo wazee husema kwa vinywa vyao, maitikio waliyorithi, na namna wanavyochanganya Kiswahili na lugha ya mama katika ombi moja, hayajaandikwa popote, na kila mzee anayezikwa huenda nayo. Yafaa yasikilizwe na kuandikwa wakati wenye kuyajibu wangalipo.